Wiki ya likizo Usambara: Lushoto mpaka Mtae, kwa basi na kwa miguu

Nimeiandika hii baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari dogo na picha za simu, kwa hiyo baadhi ya saa ni za kukadiria. Bei ni za mwisho wa Juni, na Juni kule juu ni baridi ya kweli, si ile ya Dar ambayo watu huvaa koti kwa mapambo.

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Kutwa nzima spika ziko masikioni na mdomoni ni sentensi ileile ya kukaribisha, iwe anayepiga ana swali au ana matusi. Miezi ya karibuni nilikuwa sioni raha ya kitu chochote. Nilikwenda kupima, damu safi, presha safi. Chakula nakula kwa sababu saa imefika. Shoga zangu wakipiga, naiacha simu iite mpaka ichoke yenyewe. Ilikuwa imebaki wiki moja ya likizo ambayo nisipoitumia kabla ya Julai inapotea, na kila niliyemuuliza akasema Zanzibar. Mimi najijua: Zanzibar ningekaa ufukweni nikitazama simu. Nilitaka mahali pa kupanda na kushuka, pa baridi, na ambapo sitalazimika kuongea na mtu. Hilo la mwisho halikuwezekana hata siku ya kwanza.

Jumamosi: Mbezi mpaka Lushoto

Basi lilitakiwa kuondoka Stendi ya Magufuli saa kumi na mbili kamili asubuhi. Liliondoka saa moja kasoro kidogo, kwa sababu kuna mfanyabiashara alikuwa anapakia matairi ya pikipiki kwenye buti na kila tairi lilikuwa na ubishi wake. Nauli 23,000. Tiketi nilikata siku mbili kabla nikapata kiti cha dirishani upande wa mbele. Nawashauri mfanye hivyo hivyo: anayekata asubuhi ile ile huangukia viti vya nyuma, na kona za kupanda Lushoto ukiwa nyuma kabisa zitakutoa chai yote uliyokunywa.

Mpaka Chalinze hakuna la kusimulia, foleni na usingizi. Mto Wami tulivuka kwa daraja jipya, lile lililokamilika 2022. Wanaokumbuka mteremko wa daraja la zamani, gari moja moja huku mnasoma dua, wataelewa kwa nini basi zima lilitulia. Mbele ya Mkata tukasimama kuchimba dawa. Segera niliamshwa na machungwa ya Muheza dirishani, mfuko 1,000, yameshamenywa ganda la kijani, matamu. Korogwe tukala. Pale basi linapoegesha chipsi kuku ni 7,000, lakini ukivuka barabara kuna mama lishe wa wali maharage na mchicha kwa 2,500, na muda unatosha kama hutapoteza dakika kuchagua.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa baraghashia, kapakata redio iliyofungwa kwenye khanga. Tangu Mbezi alikuwa kimya, nikamshukuru Mungu. Baada ya Korogwe, milima ilipoanza kusogea mkono wa kulia na mkonge umetanda huku na huku, akaniuliza:

"Mwanangu, unakwenda kwa nani?"

"Natembea tu, baba."

"Unatembea kwa nani?"

"Sina mtu, baba. Nimekuja kupumzika."

Akanitazama, akatazama begi langu, akanitazama tena. Niliona kabisa kwamba anatafuta namna ya kuuliza kama nimefiwa au nimeachika. Mwishowe akasema, "Haya. Basi mpaka stendi mwenyeji wako ni mimi."

Mombo tukaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni kilomita thelathini na kitu tu, lakini zimeshikana na ukuta wa mlima, na dereva wa basi kubwa hupiga honi kila kona kwa sababu haoni kinachoshuka. Masikio yaliziba. Soni, pale mto unapomwagika kwenye mawe kando ya barabara, watu wakafunga madirisha kwa baridi na mimi nikafungua langu. Harufu ilikuwa ya udongo mbichi na moshi wa kuni.

Lushoto tulifika saa tisa na nusu alasiri. Yule mzee hakuniacha. Alinipeleka kwa miguu mpaka gesti aliyoijua, akamwambia dada wa mapokezi, "Huyu ni mgeni wangu, mpe chumba chenye maji ya moto," kisha akaondoka na redio yake. Chumba 20,000, mablanketi mawili, na maji ya moto yalikuwapo kweli.

Kwa dada mnaosafiri peke yenu: swali la "umefikia kwa nani" mtaulizwa kila hatua. Si uchunguzi. Mtu asiye na mwenyeji kule ni mtu aliyepungukiwa, na anayeuliza tayari anafikiria amkabidhi kwa nani.

Jumapili: Lushoto mjini

Nililala mpaka saa nne. Nyumbani silali hivyo hata nikiwa na malaria.

Mji wenyewe ni mdogo, uko bondeni, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na wakaupenda kwa sababu ya hewa. Siku hizi utakutana na mahakimu watarajiwa, maana Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa; nilikunywa chai meza moja na vijana wawili waliobishana juu ya dhamana mpaka chapati zao zikapoa.

Sokoni nilinunua sweta la mtumba kwa 5,000, na ndilo lililoniokoa wiki nzima, kwa sababu koti langu la Dar halikufua dafu. Karoti zimefungwa kwa mafungu na majani yake, kabichi zimepangwa ukuta mzima, liki, figili, maparachichi ya kushika kwa mikono miwili. Anayetaka plamzi aje Desemba au Januari. Juni hazipo, msiwaulize kina mama mara mbili mbili kama mimi nilivyoulizia.

Jioni nilikaa kijiwe cha kahawa karibu na stendi. Kikombe 200, kashata 200. Nilichagua benchi la pembeni ili nisisemeshwe. Muuza kahawa akanihamisha: "Dada, hapo upepo, sogea huku kwa watu." Nikasogea. Wakaniuliza habari za Dar, habari za Kariakoo, bei ya kabichi Kariakoo, na kwa nini bei ile na ya shambani haziongei. Sikuwa na majibu, na hakuna aliyenikasirikia kwa kukosa majibu. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ilikuwa habari mpya.

Jumatatu: Irente

Bodaboda wanataka 5,000 kwenda kwenye mwamba wa Irente. Nendeni kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu wa ofisini, njia haipotei, na mashamba yako pande zote mbili. Tatizo kwangu lilikuwa salamu. Kila unayekutana naye anakusalimu, na salamu ya kule haiishi kwa neno moja: za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za safari, watoto hawajambo? Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani anasimama, na mzigo wake, anangoja umjibu zote. Kilomita mbili za mwanzo nilijibu kwa sauti ya kazini, ile laini isiyo na mtu ndani. Kuna bibi mmoja aliitambua. Aliniuliza tena, "Nimekuuliza hujambo?" kana kwamba sikujibu kitu. Nikasimama, nikamwamkia vizuri, nikamwambia magoti yananiuma kwa kilima. Akafurahi, akanionyesha njia ya mkato.

Mwambani nililipa 2,000 getini. Ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu, na chini kabisa ni tambarare ya Mazinde na Mombo, mashamba ya mkonge yamechorwa kwa mistari, barabara kuu ni uzi na malori juu yake hayana sauti. Nilikaa mpaka jua likahama. Kuna kundi la wanafunzi lilikuja, likapiga picha, likaondoka, likaja jingine. Msisogee ukingoni kwa ajili ya picha. Hakuna uzio wa maana, na mawe yana vumbi linaloteleza.

Wakati wa kurudi nilipitia shamba la Irente, lililo chini ya kanisa la Kilutheri, ambako wanatengeneza jibini, mkate na jamu. Bei si ya mama lishe, ila kaeni mle. Nililetewa mkate mzito wa ngano, jibini la aina mbili, siagi, jamu na mboga mbichi. Nikala, nikatafuna polepole, nikaona nimeagiza mkate mwingine. Niliandika daftarini: "Njaa. Ya kweli." Ni muda mrefu tangu nisikie njaa inayokuja kabla ya saa ya kula.

Jumanne: msitu wa Magamba

Hapa nitakuwa mfupi, maana ukungu ulifunika nusu ya nilichoendea. Hifadhi ya msitu wa Magamba iko mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini. Raia analipa kiingilio kidogo mno kulinganisha na mgeni, kwa hiyo bebeni kitambulisho cha taifa, na malipo ni kwa namba ya serikali kwenye simu, si kwa noti mkononi. Kijana wa kuniongoza nilimpa 30,000 kwa siku, alistahili zaidi.

Alinionyesha mkulo, mti wa mbao ambao jina lake la kisayansi limebeba neno Usambara, na akanieleza jinsi Wajerumani walivyoning'iniza waya wa chuma kutoka Shume mpaka Mkumbara chini, kushusha magogo mpaka kwenye reli. Mbega tuliwasikia muda mrefu kabla ya kuwaona: sauti ya kukoroma inatoka kwenye mawingu, halafu tawi linatikisika, halafu mkia mweupe. Akaniambia pia kwamba yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya asili yake ni milima hii. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyachukua mwaka 1892 na yakapewa jina lake, Saintpaulia. Kijana yule alisema, "Sisi tulikuwa tunayapita tu kwenda kuteka maji."

Jioni miguu ilitetemeka kushuka ngazi za gesti. Nililala saa mbili usiku.

Jumatano: kwenda Mtae

Sasa hii ndiyo siku.

Basi la Mtae linatoka Lushoto mchana baada ya kupokea abiria wa Dar na Tanga. Nauli 8,000. Lami inakuacha njiani, kisha ni udongo mwekundu, Malindi, Lukozi, Manolo, Sunga, kila mahali kuna mtu wa kushuka na gunia la kupandisha. Lukozi ni soko kubwa la mboga, na pale tulikaa saa nzima tukipakia viazi vya lumbesa, yale magunia yenye kilemba kinachozidi gunia lenyewe. Serikali imepiga marufuku lumbesa miaka nenda rudi. Juu ya basi letu hakukuwa na habari hiyo.

Manyunyu yalikuwa yameanza tangu Malindi. Mbele ya Manolo, kwenye kilima kifupi tu, tairi la nyuma likaanza kuzunguka mahali pamoja. Dereva akajaribu, basi likarudi nyuma kidogo likainamia mtaro. Kelele. Wote chini.

Nilisimama kando nikaitazama tairi ile. Udongo ulikuwa umejaza meno yote ya mpira, laini, mwekundu, unang'aa, na kila dereva alipokanyaga mafuta tope liliruka kwa mkupuo mmoja na kuwachora waliokaa nyuma. Kondakta, kijana mwembamba wa kandambili, alizivua akazining'iniza kwenye kioo cha pembeni na kuingia matopeni pekupeku. Bila mtu kutoa amri, kazi ikagawanyika. Vijana wakapanda juu kushusha magunia. Wanaume wakaenda kuvunja matawi. Kina mama tukaokota mawe, tukayapanga mbele ya tairi, na mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akawa msimamizi wetu: "Hilo dogo, tafuta jingine. Hilo la mviringo litaruka, liache." Nilipaka tope mpaka viwiko. Jaribio likashindikana, tukapanga upya. Kuna mzee aliona natetemeka, akavua koti lake la mvua akanivisha bila kusema neno, kisha akaendelea kusukuma na shati lake.

Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu. Nilitegemea kusikia watu wakimlaani dereva. Mimi nalaaniwa kwa mtandao kukatika dakika tano. Kweli walimtania, wakamwambia arudi kuchunga mbuzi, lakini basi lilipotoka watu walishangilia, na naye akapiga honi mpaka bonde likaitikia. Magunia yakapandishwa tena moja baada ya jingine. Lumbesa zote.

Mtae tulifika saa tatu usiku, giza na ukungu, umeme umekatika. Gesti niliyoelekezwa ilikuwa imejaa watu wa harusi. Ya pili imefungwa. Nikarudi kwenye basi nimwombe kondakta nilale kitini, na yule mama wa vitunguu akanisikia.

"Umefikia kwa nani wewe?"

"Sina mtu, mama."

"Tangu lini mtu akalala kwenye basi na mimi nina kitanda? Shika kikapu."

Nyumbani kwake palikuwa na moto wa mafiga matatu, wajukuu wawili wanaochungulia nyuma ya pazia, na ugali wenye mnavu uliopikwa kwa karanga. Nilikula mpaka nikaona haya. Maji ya kuoga alinichemshia ndoo nzima, na kwa mtu mwenye tope kichwani sijui kama kuna hoteli ingenipa zaidi.

Alhamisi: Mtae

Asubuhi ukungu ulikuwa chini yetu. Kijiji kimekaa mgongoni mwa mlima, nyumba upande huu na upande huu, na ukitoka mlangoni unaona mawingu kulia na mawingu kushoto. Kuna kanisa la Kilutheri la tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani, kuna msikiti, na watu wa nyumba moja wanaweza kwenda kila mmoja kwake bila neno.

Nilisema nahamia gesti. Mama alikasirika kabisa, nikanyamaza. Nikaenda dukani nikanunua sukari kilo mbili, majani ya chai na mche wa sabuni. Ushauri wangu: msimpe mtu aliyewapokea noti mkononi, mtamfanya mwenye gesti. Sukari haimdhalilishi mtu.

Siku hiyo alikuwa anapura maharage. Turubai limetandikwa uani, mimea mikavu imerundikwa katikati, na sisi tunaizunguka na fimbo. Ukipiga vizuri ganda linalia kavu, "ta", na rozikoko zinaruka nje, za krimu zenye michirizi ya damu ya mzee. Ukipiga vibaya unavunja fimbo, nami nilivunja. Baada ya kupura ni kupepeta: anainua ungo, anautikisa kwa kiwiko, makapi yanaondoka na upepo na maharage yanabaki yakigongana. Nilimwomba anifundishe, nikapeperusha makapi na maharage pamoja, kuku wakafurahi. Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini.

Akaniuliza kazi yangu. Nikamweleza: watu wenye shida wanapiga, mimi napokea, wengi wana hasira.

"Wanakujua?"

"Hawanijui."

"Na unalipwa?"

"Nalipwa, mama."

"Basi na mimi nitakupigia siku moja nikutukane kidogo. Nina hasira za mume wangu, Mungu amrehemu, za tangu zamani."

Tulicheka sana. Nilicheka kwa tumbo, machozi yakatoka, na nikagundua kwamba tangu asubuhi nimekuwa nikiongea, tena mimi ndiye ninayeanza. Simu ya kwake mwenyewe ipo, lakini mtandao unapatikana mahali pamoja tu, chini ya mparachichi wa jirani, na kijana wake aliye Dar amezoea kupiga Jumapili jioni ambapo mama anakwenda kukaa pale na kigoda. Rafiki yake wa siku nyingine ni redio, na redio ilikuwa imenyamaza wiki mbili: betri kubwa, zile nene, dukani zimekwisha.

Alasiri mjukuu mkubwa alinipeleka kwa miguu upande wa Mambo kwenye kingo. Huko chini ni Mkomazi, tambarare kavu ya rangi ya mchanga, na mbali kabisa ni Kenya. Mtoto akanyoosha kidole kwenye wingu zito: "Kilimanjaro iko pale." Nilipiga picha ya wingu. Njiani tulikutana na wazee wanatoka shamba. Nikawatangulia kwa "Onga mshi", mtoto alikuwa amenifundisha, na wote wakasimama kunijibu kwa maneno ambayo sikuyaelewa hata moja. Tukasalimiana hivyo hivyo, muda mrefu.

Kwa wanaokuja: Mtae hakuna benki, bebeni pesa taslimu kutoka Lushoto. Bebeni tochi. Viatu viwe vya kukamata udongo. Na msipange kurudi siku hiyo hiyo. Basi linalala Mtae na kushuka alfajiri.

Ijumaa: kushuka, na Soni

Basi saa kumi na nusu alfajiri, nyota zote zipo. Mama alinisindikiza na taa, akanipa kilo kama nne za rozikoko kwenye mfuko wa salfeti na kuniambia nisifike Dar nikazigawa zote. Barabara ilikuwa imekauka, Lushoto tukaingia saa tatu.

Mchana nikachukua Noah mpaka Soni, 1,500, nikashuka kwenye maporomoko. Si makubwa, lakini unaweza kuweka miguu majini na kula mahindi ya kuchoma. Upande wa pili wa milima ni Vuga, iliyokuwa makao ya wafalme wa Usambara. Wazee husimulia kwamba wa kwanza, Mbegha, alikuja mgeni kutoka nchi ya Ngulu, mwindaji wa nguruwe pori, akawagawia watu nyama, akaua simba, wakamtawaza. Kwa hiyo hata ufalme wenyewe ulianza kwa mtu asiye na mwenyeji. Mmisionari Ludwig Krapf alimfikia mfalme Kimweri hapo Vuga mwaka 1848, na akarudi 1852, kwa miguu. Niliacha kulalamika kuhusu magoti.

Usiku, gesti, nilimpigia shoga yangu mmoja ambaye nilikuwa nimemkwepa tangu Pasaka. Alipokea kwa kununa. Tuliongea mpaka salio likakata, nikaongeza, tukaendelea.

Jumamosi na Jumapili: nyumbani

Kurudi kulikuwa kwepesi: saa mbili asubuhi Lushoto, saa kumi jioni Mbezi, na kutoka Mbezi mpaka kwangu foleni ilichukua muda sawa na Lushoto hadi Soni mara tatu. Buti la basi lilijaa karoti na mimi nilikuwa na ndoo ya maparachichi miguuni. Nunueni Lushoto siku ya mwisho, magumu. Yanaiva yakiwa Dar.

Jumapili niliitenga makusudi, na hili nalisema kwa mkazo: watu hurudi likizo Jumapili usiku, Jumatatu wako kazini na begi halijafunguliwa. Wiki ikiwa moja, siku yake ya mwisho iwe ya nyumbani. Nilifua. Tope jekundu halikutoka kwenye sweta. Nikapika rozikoko kwa nazi, nikawaita majirani wa korido nzima, wengine tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya "poa".

Gharama zote, nauli, kulala, kula, kiongozi wa msituni, sweta na sukari, hazikufika laki tatu na nusu. Ukipunguza Irente ya jibini na kulala gesti za 15,000 unaweza kushuka chini ya laki tatu.

Na sasa nina ombi. Kama kuna mtu anakwenda Mtae kabla ya Agosti, aniandikie. Nimeshanunua betri nane za redio na khanga doti moja, ziko mezani zimefungwa. Nitamwelekeza nyumba, na kifurushi kikishafika mikononi mwa yule mama, mbebaji ajiandae kulazimishwa kulala.